Koti la Desmond na Matanga Yaliyochelewa

Mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi yangu, nami nimekubali kwa sharti moja: msinisome huku mkono wa pili umeshika simu. Nawajua. Juzi nilipita Anderlecht, hapa Brussels, kwenye kile chumba cha parokia mnakofanyia mazoezi ya igizo lenu, nikakuta nguo za jukwaani zimesokomezwa kwenye mfuko wa plastiki, viatu chini, kofia katikati, na vazi la mfalme limekaliwa na mfalme mwenyewe akila chipsi. Nilirudi nyumbani Evere nikiwa na huzuni ya kweli. Mke wangu aliniuliza nani amefariki.

Kazi yangu kwa Kifaransa inaitwa habilleur. Ni mtu anayesimama gizani nyuma ya pazia kuwavisha waigizaji na kuwavua. Mama yangu kule Lubumbashi alipopata habari kwamba mwanawe, fundi cherehani mzima, amekwenda Ulaya kuwavalisha wanaume suruali, alinipigia simu kuuliza kama wanaume hao ni wagonjwa.

"Hapana, mama. Ni bacomédiens, baigizaji," nikamwambia.

"Donc ni bagonjwa," akasema, na tukaendelea na habari nyingine.

Aliyenifundisha ni Madame Godelieve, mama mmoja Mbelgiji wa Kiflemi, mfupi, mkali, mwenye pini zilizopangwa kwenye ukosi wake tangu asubuhi hadi jioni. Nilipoanza nilitaka kumwonyesha kwamba mimi si wa kuokotwa njiani. Nikashona koti la mwigizaji mmoja na kudarizi matundu ya vifungo kwa mkono, kazi ambayo baba yangu angeipigia makofi. Madame Godelieve akalitazama, akasema ni zuri sana, akachukua mkasi akakata vifungo vyote.

"Célestin," akaniambia, "fundi anashona nguo ivaliwe. Sisi tunashona nguo ivuliwe."

Nilimchukia kwa muda wa wiki nzima. Kisha nikamwona mwigizaji akitoka jukwaani na kurudi akiwa mtu mwingine kabla watazamaji hawajamaliza kucheka, na nikaelewa. Kifungo cha nje ni cha macho tu. Ndani yake unaweka kifungo cha kubonyeza. Tai inakaa kwenye lastiki. Shati si shati, ni kifua na kola vilivyoshonwa kwenye koti, mgongo hauna kitu. Kamba za viatu mnatoa, mnaweka lastiki nyeusi. Zipu ikigoma, isugueni kwa ncha ya penseli. Na koti la kumvisha mtu mwenye haraka halishikwi juu kama mnavyowashikia mabibi zenu mlangoni. Linashikwa chini, usawa wa kiuno, mikono wazi, naye anakupa mgongo na kurudisha mikono nyuma kama anayefungwa pingu. Msiongee naye wala msimwulize kama yuko sawa. Kichwani mwake mnaishi watu wengine, na mkimsemesha watakaowajibu ni wao.

Kuhusu velkro, ile mikanda inayonatana: msiipende sana. Niliipenda mimi, nikaitia kwenye kanzu ya padri wa igizo moja. Ikafika pale mjane anaposali kimya kwa ajili ya mumewe, ukumbi wote umeshika pumzi, na nyuma ya pazia nikamvua padri. Krrrrr! Mzee mmoja wa mstari wa mbele alikagua suruali yake.

Na jasho? Koti zito la sufu haliwezi kufuliwa kila siku. Mnalinyunyizia vodka ya bei rahisi, ndani, kwenye makwapa, mnaliacha likauke. Harufu inakwisha yote, hata ya vodka. Tatizo ni kuinunua. Nilikuwa nainunua Porte de Namur, na Porte de Namur, mnajua wenyewe, huwezi kupiga chafya bila mtu wa kwetu Katanga kukuambia pole. Siku moja mke wangu Charlotte aliningoja sebuleni, kiti kimegeuzwa kuelekea mlango.

"Papa Célestin, bamama ba ku kanisa banasema unakunywaka. Banakuona na machupa."

"Ni ya makoti."

"Ni ya makoti." Akatikisa kichwa taratibu. "Bon. Na makoti inalewaka?"

Ilibidi nimpeleke kazini akaone kwa macho yake. Alivyorudi akawaelezea wale mama, na hawakumwamini hata yeye.

Sasa niwaambie kuhusu igizo lililonikalia moyoni kuliko yote. Lilikuwa komedi ya Kiairishi. Mzee mmoja wa kijiji amekufa, amelazwa chumba cha ndani, na majirani wanaingia mmoja mmoja kukaa matanga na kumsifu, kila mmoja akidanganya kuliko mwenziwe. Wahusika wapo kumi na wanne: padri, mwenye baa, mjane, mchuuzi wa ng'ombe, mwalimu, mpaka askari wa baiskeli. Waigizaji wapo wawili. Ndiyo, wawili tu, na mimi nyuma ya pazia.

Hao wawili walikuwa Colm na Desmond, Waairishi wote, wakaazi wa Brussels wa miaka mingi. Colm mrefu, mkimya, hana mke wala mtoto, amepanga chumba juu ya duka la kufulia nguo. Desmond mnene, mwenye kelele, mume wa Nuala, mwanamke mdogo wa umbo ambaye ndiye peke yake aliyeweza kumnyamazisha. Igizo lilikuwa la Kiingereza, na Kiingereza changu, niseme ukweli, ni cha makoti. Sikujua wanasema nini. Nilijua tu kwamba Colm akikohoa mara mbili ni kanzu, mlango ukigongwa ni aproni ya baa, na watu wakicheka kwa muda mrefu ni koti la kahawia la mchuuzi wa ng'ombe, kwa sababu Desmond akilivaa lile alikuwa anawamaliza. Kati yetu tuliongea Kifaransa.

Mjane ndiye aliyenitoa jasho. Mjane hakuwa na mwigizaji wake. Aliyekuwa na nafasi ndiye aliyemwigiza, leo Desmond katika onyesho hili, kesho Colm katika lile, wakati mwingine wote wawili ndani ya onyesho moja, na shali nyeusi ilikuwa moja tu. Kwa hiyo shali ikitoka kulia, mimi nakimbia nayo nyuma ya jukwaa, kwenye vidole vya miguu, naifikisha kushoto. Watazamaji hawakujua kamwe kwamba mjane ana maumbo mawili tofauti.

Siku moja Desmond kwa haraka alivaa kanzu ya padri juu ya shali. Akaondoka nayo, akaenda zake jukwaani kubariki watu. Upande wa pili Colm amesimama amenyoosha mikono, anangoja kuwa mjane, na mimi sina kitu. Nina mfuko wangu wa chakula tu, ambao Charlotte alikuwa ameufunga kwa kitenge chake cha manjano chenye kuku wakubwa. Nikafungua, sufuria ikabaki sakafuni, kitenge nikamfunga Colm kichwani. Akaingia. Mjane wa kijiji cha Ireland, mwenye majonzi makubwa, na kuku kila upande. Ukumbi ulipiga kelele mpaka nikadhani kuna moto. Desmond, yaani padri, akamtazama kwa muda mrefu, akaongeza neno lake ambalo halikuwemo, na nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alisema: "Mama, naona msiba umekupa hamu ya kuku."

Mwongozaji alitaka kitenge kibaki ndani ya igizo. Charlotte alitaka kitenge chake. Mnaweza kukisia nani alishinda.

Desmond alifariki majira ya baridi, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilikwenda kwenye mazishi. Niwaambie nilichokiona, nanyi msidhani nawacheka wenyeji wetu, nasema tu. Watu walikaa kwenye viti vilivyonyooka, wakasoma maneno mawili matatu, muziki ukapigwa, sanduku likaenda kuchomwa, tukapewa kahawa na mkate wenye jibini, na kabla koti langu halijapata joto kila mtu alikuwa anatafuta funguo za gari. Hakuna aliyelia kwa sauti, na hakuna aliyecheka. Colm alisimama dirishani na kikombe ambacho hakukinywa. Watu waliokuwa wakicheza matanga kila msimu walimuaga mwenzao bila matanga. Niliumia sana, na sikusema kitu, kwa sababu mvisha waigizaji amezoea kunyamaza.

Baadaye kikundi kikaamua kulirudisha igizo kwa kumkumbuka, na nafasi ya Desmond akapewa Héritier. Huyu ni kijana wetu, wazazi wake wa Likasi, kakulia hapo Anderlecht, Kiingereza anakijua, na kuiga watu ndicho kipaji chake. Alikuwa anaiga hata mwendo wangu nikibeba henga za nguo, ananiiga mbele yangu. Nilimpenda tangu siku ya kwanza na sikumwonyesha.

Lakini mazoezi hayakwenda. Kila mahali Colm alikuwa mzima, isipokuwa pale mchuuzi wa ng'ombe anapoingia. Héritier akitokea mlangoni, Colm anakauka. Maneno yanapotea. Mwongozaji akasema pengine ni lile koti la kahawia, akanunua jipya la rangi ya kijani. Colm akakauka mbele ya koti la kijani vilevile. Héritier akanifuata kwenye kona yangu, nikiwa napanga viatu.

"Tonton, mi naona nitaacha. Nikiingia tu, papa Colm ananiangalia sawa vile mi njo niliua rafiki yake. Alors nifanye nini?"

"Haiko weye njo anaangalia," nikamwambia. "Anaangalia ule mwenye haiko tena."

"Bon, na mi niingilie wapi? Ku dirisha?"

Siku tatu kabla ya onyesho Colm alikauka mara ya mwisho. Akatoka jukwaani bila kumtazama mtu, akaingia chumba cha kuvalia, akaketi, akaanza kuvua viatu vya mwalimu. Akasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini: "Mtafute mtu mwingine. Mimi nimemaliza." Mwongozaji alidhani anasusa. Mimi niliyemvisha miaka yote nilijua hasusi. Mtu yule hakuwa na nyumba nyingine zaidi ya jukwaa. Akitoka pale siku ile, angepanda juu ya duka lake la kufulia nguo na asingeshuka tena kwa sababu yoyote. Nikaogopa kwa ajili yake.

Ninyi mliozaliwa huku pengine hamjaona kilio cha kwetu kinavyokwenda. Mtu akifa, watani na wajukuu zake wanakuja na wanavaa nguo zake. Wanashika fimbo yake, wanaiga mwendo wake, ubahili wake, matusi yake aliyoyapenda, mbele ya wafiwa, mchana kweupe. Kwenye kilio cha babu yangu binamu yangu alivaa kofia yake akapita jikoni akifunua sufuria moja moja na kuguna, kama alivyoguna mzee kila siku ya maisha yake. Bibi yangu alikuwa hajala tangu jana yake. Alicheka, akalia, akaomba uji.

Nikafikiri: katika igizo lile wanaigizwa watu kumi na wanne, na Desmond hakuna aliyemwigiza. Mimi si ndugu yake. Lakini mtu uliyemfungia suruali miaka yote hiyo, kama si ndugu yako basi ni mtani wako, na mtani hahitaji kibali cha mkuu wa wilaya. Nikafungua sanduku, nikatoa koti lile kuukuu la kahawia, nikalivaa. Lilinifika magotini. Nikasukuma tumbo mbele, nikaingia chumbani kwa Colm, Héritier akinifuata.

"Célestin!" nikapaza sauti, kwa sauti nzito ya Desmond. "Hili koti limepungua tena! Unalifua kwa maji ya moto?"

Colm akainua uso. Ulikuwa mweupe kabisa.

"Chai yangu iko wapi? Weka maziwa. Mengi. Niiache ipoe, nisiinywe." Nikazunguka chumba. "Na nani kahamisha kiatu changu? Nimesahau maneno kwa sababu ya kiatu!"

"Vua," Colm akasema.

Nilitaka kuvua, vijana, siwafichi. Mtani akianza hawezi kuacha katikati. Ndiyo aibu kubwa kuliko zote. Nikaendelea kutafuta kiatu chini ya meza, nikiimba wimbo aliozoea kuuimba chooni. Nyuma yangu Héritier alicheka kwa pua, akajiziba mdomo, akacheka zaidi.

"Sivyo," akasema Colm.

Nikasimama. Akawa amenyanyuka, kiatu mguu mmoja, soksi mguu wa pili.

"Hakuwa anatembea hivyo. Wewe ni Célestin mwenye tumbo, basi. Hebu lete."

Akanivua koti mwenyewe, na alinivua vibaya, alinipinda bega. Akalivaa. Mwembamba yule, mrefu yule, sijui alifanyaje, lakini kidevu kilipanda, goti la kushoto likaanza kuchechemea, mkono ukapapasa mifuko kutafuta miwani iliyokuwa juu ya paji la uso, na Desmond akawa mbele yetu. Akatuambia chumba kinanuka. Akaniambia mimi ni fundi wa magunia. Kisha akageukia kiti kitupu alichokuwa amekalia Colm, akakiambia: "Na wewe, bua la mahindi, umechelewa kuingia tena. Ningekuacha peke yako ungefanya nini?"

Hapo sauti ikakatika. Akalia, mikono ndani ya mifuko ya koti, kwa sauti kubwa, kama watu wanavyolia kwetu. Tukamwacha alie. Mwongozaji alichungulia mlangoni nikamfukuza kwa mkono.

Ni Héritier aliyefanya jambo ambalo mimi, pamoja na uzee wangu, sikulifikiria. Alisogea, akainamisha kichwa kidogo kama tunavyowasalimu wakubwa, akasema kwa Kifaransa: "Papa Desmond, mimi naitwa Héritier. Hatukuonana. Nimekuja kukuomba koti."

Kidevu cha Colm kikapanda tena. "Mwembamba mno," akasema Desmond. "Hamli chakula siku hizi?" Akalivua, akamshikia. Alilishika chini, usawa wa kiuno, mikono wazi, sawasawa. Héritier akampa mgongo.

Kazi yangu baada ya hapo ilikuwa kupunguza mabega na kuongeza pedi tumboni, na nililalamika jioni nzima kuhusu jambo hilo ili watu wasinione macho yangu.

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana. Nuala alikuwa ameketi mstari wa tatu, mikono juu ya mkoba. Hakuna aliyemweleza lolote, na mimi nilikuwa na wasiwasi kuliko waigizaji. Mjane ana haki ya kukasirika. Nilisimama kwenye giza langu, nikasikia kicheko kirefu, nikamvisha Héritier koti la kahawia, nikamgeuza bega, akaingia. Nikangoja. Najua ukimya wa watu wanaosubiri kucheka, na najua ukimya wa mtu aliyekauka. Ule ulikuwa mfupi. Kisha sauti ya Colm ikaja, kavu, kwa wakati wake, sijui alisema nini, na ukumbi ukaanguka kwa kicheko.

Lilipokwisha, Nuala alikuja nyuma. Tulikuwa watatu katikati ya nguo. Héritier hakuwa amevua koti bado. Nuala alisimama mlangoni, akalitazama lile koti kuanzia kola hadi pindo, na nikaona ametambua mshono wa mfuko, maana alikuwa ameushona mwenyewe zamani. Colm akarudi hatua moja nyuma ya reli ya nguo. Nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi kwa Kifaransa.

Nuala akamwendea Héritier. Akashika kola, akainyoosha kwa kuivuta, si kwa upole.

"Umechelewa tena," akamwambia. "Chakula kimepoa."

Héritier, maskini, hakumjua marehemu, hakujua nyumba yao wala chakula chao. Aligeuza macho kwangu. Mimi nikageuza macho kwingine. Na kutoka nyuma ya makoti, alikojificha Colm, ile sauti nzito ya Desmond ikasema, kwa unyenyekevu mkubwa:

"Nilikuwa njiani, Nuala. Wamenificha kiatu."

Nuala alicheka mpaka akalia, akaketi juu ya meza yangu ya pasi, juu ya mashati niliyokwisha kuyanyoosha. Miaka yote ile sikuwahi kumruhusu mtu yeyote aketi pale. Nilimwacha akae mpaka alipomaliza kulia.